Viwakilishi visivyo dhahiri vya Kireno: jibu kwa mwalimu wa Kondele

Swali: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kondele, Kisumu, na kwa kuwa niliwahi kuishi Beira, Msumbiji, kwa miaka minne, ninaongoza chama cha Kireno kila Ijumaa baada ya masomo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili na cha tatu hukariri orodha nzima ya viwakilishi visivyo dhahiri (maneno kama “alguém”, mtu fulani, na “tudo”, kila kitu) bila kukwama, lakini wakiandika insha wananiletea sentensi kama “Não vi alguém” (wakikusudia sikumwona mtu yeyote), “Toda a gente sabem” (watu wote wanajua) na “Já comi todo” (nimekwisha kula vyote). Niwape mazoezi ya namna gani, na nianze na yapi?

Jibu: Mwalimu mpendwa, nakushukuru kwa kuzinukuu sentensi zenyewe badala ya kusema tu kwamba wanafunzi wanakosea, kwa maana makosa hayo matatu yana asili tatu tofauti, na asili hizo ndizo zinazoonyesha dawa. “Não vi alguém” imetoka katika Kiingereza, ambacho wanafunzi wako wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba hakikubali kukanusha mara mbili. “Toda a gente sabem” imetoka katika Kiswahili, kwa sababu sisi husema watu wote wanajua, kitenzi kikiwa katika wingi. “Já comi todo” nayo imetokana na jambo ambalo Kiswahili hakilitenganishi ilhali Kireno hulitenganisha: mzizi wetu mmoja wa -ote unagawanyika huko kuwa maneno mawili. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo lililotokana na kusahau orodha, na ndiyo sababu kuikariri upya hakutawafaa. Iweke orodha kando kwa muhula mzima, uwaache watumie Kiswahili kama daraja la kuvukia, na uwatahadharishe mapema kuhusu sehemu chache ambazo daraja hilo halifiki ng’ambo.

Una bahati kwamba wewe mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili, maana nusu ya kazi umekwisha kuifanya darasani bila kujua. Wanafunzi wako wanajua kwamba katika “Wanafunzi wengine wamefika” neno wengine ni kivumishi, na katika “Wengine wamefika” neno lilelile ni kiwakilishi. Kireno hufanya hivyohivyo: “Outros alunos chegaram” na “Outros chegaram”. Vitabu vya Brazili huwa vinaita matumizi yote mawili viwakilishi visivyo dhahiri, huku vitabu vya shule vya Ureno vya miaka ya karibuni vikilitia neno linalotangulia nomino katika kundi la vibainishi au la maneno ya idadi. Wanafunzi wakikutana na majina hayo yanayogongana, waeleze hivyo kwa sentensi moja na msonge mbele, kwa sababu umbo la neno na upatanisho wake havibadiliki kwa kubadilishwa jina.

Anza na ukanushaji, na uupe majuma mawili kamili. Kanuni yenyewe ni fupi: “ninguém” (hakuna mtu), “nada” (hakuna kitu) au “nenhum” (hakuna hata mmoja) likija baada ya kitenzi, lazima “não” itangulie kitenzi, likija kabla ya kitenzi, “não” haihitajiki tena. Kwa hiyo tunasema “Não veio ninguém” au “Ninguém veio”, na pia “Não faltou nenhum aluno” au “Nenhum aluno faltou”. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza ataiona “Não veio ninguém” kama kosa. Mwambie afikiri “Hakuja mtu yeyote”, na papo hapo ataona kwamba kitenzi cha Kiswahili nacho hubeba alama ya ukanushaji daima, bila kujali neno lililo mbele yake. Hapo Kiswahili na Kireno vinakaa upande mmoja na Kiingereza kinabaki peke yake, nami nimeshuhudia wanafunzi wakipata nguvu mpya siku wanapotambua hivyo, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba lugha ya Ulaya haifikiwi ila kwa kupitia Kiingereza.

Zoezi la majuma hayo mawili liwe la mdomo kwanza, tena liwe la ukweli. Chukua mkoba wa mwanafunzi mmoja, uliza “Tens alguma coisa no saco?”, naye ajibu kwa kuangalia kilichomo: “Tenho, tenho um livro”, au “Não, não tenho nada”. Uliza “Faltou alguém hoje?” na darasa litazame viti kabla ya kujibu. Kisha mwanafunzi wa pili aichukue sentensi ya wa kwanza aigeuze, “Não faltou ninguém” iwe “Ninguém faltou”, huku “não” ikiondoka kwa sauti inayosikika. Zoezi la kugeuza lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linamlazimisha mwanafunzi kusikia kwamba “não” na mahali pa kiwakilishi ni jambo moja. Kwa “nada” usilisukume sana, maana “Nada tenho” ni sahihi lakini ina sauti ya maandishi ya kifasihi. Mtu wa Beira akiwa sokoni atasema “Não tenho nada”, kama unavyokumbuka.

Baada ya hapo ingia katika mzizi wetu wa -ote, ambao ndio ulioizaa “Já comi todo”. Vitabu husema kwamba “tudo” halibadiliki na “todo” hubadilika kufuata jinsia na idadi. Ni kweli, lakini kanuni hiyo haimwambii mwanafunzi achague lipi. Swali ninalopenda kuwapa ni hili: unaposema vyote au yote, je, kuna nomino ambayo tumekwisha kuitaja? Mwanafunzi akisema “Nimevisoma vyote” akiwa na maana ya vitabu vilivyo mezani, nomino ipo, nayo ni “livros”, ya kiume na ya wingi, hivyo atasema “Li-os todos”. Zingekuwa barua, yaani “cartas”, angesema “Li-as todas”. Lakini akisema “Nimekula vyote” kwa maana ya kila kitu kilichokuwapo, pasipo nomino yoyote akilini, basi ni “Comi tudo”. Neno “tudo” hukaa peke yake, au hufuatwa na maneno kama “isto”, “isso” na “o que”: “tudo isto” ni haya yote, “tudo o que disseste” ni yote uliyosema. Halikai mbele ya nomino ya kawaida, na “tudo os livros” haipo.

Mbele ya nomino tunatumia “todo” pamoja na kipambanuzi chake, yaani “o”, “a”, “os” au “as”: “todos os livros”, “toda a aldeia”. Hapa kuna tofauti ambayo Kiswahili huionyesha kwa maneno mawili tofauti kabisa, nawe uitumie. “Trabalhou todo o dia” ni alifanya kazi kutwa. “Trabalha todos os dias” ni hufanya kazi kila siku. Katika Kireno cha Brazili wanafunzi watakutana pia na “todo dia” bila kipambanuzi, maana yake ikiwa kila siku, na wasiposhtuliwa mapema watadhani ni kutwa. Kuhusu “toda a gente”, ambayo ndiyo inayosikika Ureno na Msumbiji pale Mbrazili anaposema “todo mundo”, waeleze kwamba “gente” ni nomino ya umoja kisarufi, hata ikibeba watu mia. “Toda a gente sabe” basi. Wakisahau, waombe waseme “umati mzima unajua”, kwa kuwa umati nao ni wengi ndani ya umoja, na kitenzi chake cha Kiswahili hukaa katika umoja bila kumsumbua mtu.

Sasa nifike mahali ambapo daraja la Kiswahili ni bovu, na ningependa usilipite haraka. Mzizi wa -o -ote, yaani yeyote, chochote, vyovyote, hutafsirika kwa Kireno kwa njia tatu, kutegemea aina ya sentensi. Katika swali, “Umemwona mtu yeyote?” ni “Viste alguém?”. Katika ukanusho, “Sikumwona mtu yeyote” ni “Não vi ninguém”. Katika sentensi ya kuachia uhuru wa kuchagua, “Mtu yeyote anaweza kuingia” ni “Qualquer pessoa pode entrar”. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yeyote ni “qualquer” na basi atakosea mara mbili kati ya tatu. Chukua juma zima kwa jambo hili moja: andika ubaoni sentensi za Kiswahili zenye yeyote, chochote na lolote, zikiwa zimechanganywa, na kabla ya kutafsiri mwanafunzi ataje kwanza kama ni swali, ukanusho au ruhusa. Usikubali tafsiri yake kabla hajaitaja. Mtakutana pia na “não há qualquer dúvida” katika magazeti ya Ureno, ambako “qualquer” imetumika katika ukanusho. Waambie ni matumizi ya kweli, lakini wao waandike “nenhuma dúvida” mpaka watakapoimudu lugha.

Kuna mtego mdogo ndani ya mtego huo. Sisi husema “Sina vitabu vyovyote” kwa wingi, na mwanafunzi atataka kuandika “nenhuns livros”. Wingi huo upo katika sarufi, ila hutumika kwa nadra, na sentensi ya kawaida ni “Não tenho nenhum livro”, kwa umoja. Wingi wa “qualquer” nao ni “quaisquer”, na unaonekana wa ajabu kwa sababu badiliko limetokea katikati. Neno hilo limeundwa na “qual” na “quer”, na ni “qual” tu iliyoingia katika wingi. Anayejua kwamba yeyote nayo hubadilika katikati, ye-yote na wo-wote, hatashangaa sana.

“Cada” ni rahisi, maana ni ndugu wa kila: nomino inayofuata huwa katika umoja, “cada aluno”, kila mwanafunzi. Pasipo nomino, katika maandishi ya uangalifu hufuatwa na “um” au “uma”. “Muito” nayo ina kipimo chake cha Kiswahili kisichokosea. Ukiweza kuitafsiri kwa -ingi, inabadilika, “muitas meninas” kama wasichana wengi. Ukiitafsiri kwa sana, haibadiliki, “meninas muito altas” kama wasichana warefu sana. Na “certo” ikitangulia nomino ni fulani, “certo homem”, lakini ikifuata nomino ni sahihi au afaaye, “o homem certo”.

Upatanisho wa jinsia na idadi ni jambo la mazoezi mengi kuliko maelezo. Mwanafunzi aliyezoea kusema wengine, mingine, mengine, vingine na kwingine, kila neno likifuata ngeli yake, hana sababu ya kuogopa “outro, outra, outros, outras”, ambazo ni nne tu. Anachokosa ni kuijua jinsia ya nomino yenyewe, na hiyo haipatikani kwa kanuni bali kwa kuizoea. Mimi hutumia mazungumzo ya kununua nguo, kama yale ya pale Kibuye kwenye mitumba. Mnunuzi husema “Tem outra camisa?” na muuzaji “Tenho várias”. “Tem alguma azul?” “Azul não tenho nenhuma.” “Posso levar qualquer uma destas?” “Pode. Custam duzentos xelins cada uma.” Wanafunzi wakishayashika mazungumzo hayo, ondoa “camisa”, ambayo ni ya kike, uweke “vestido”, ambayo ni ya kiume, bila kuwaambia la zaidi. Kila neno katika mnyororo sharti libadilike: “outro”, “vários”, “algum”, “nenhum”, “qualquer um destes”, “cada um”. Atakayesahau moja atasikika mara moja, na mara nyingi mwenzake atamsahihisha kabla yako. Fanya hivyo kwa nomino sita au saba katika kipindi kimoja na utapata marudio mengi kuliko ukurasa wowote wa kitabu, tena bila uchovu.

Nina neno kuhusu mazoezi ya kujaza mapengo, kwa sababu najua ndiyo yanayopatikana kwa urahisi. Zoezi lenye sentensi kumi na kisanduku cha maneno kumi halipimi kitu kwa haki, kwani mwanafunzi hupata nne anazozijua kisha hubahatisha kwa kuondoa, na la mwisho hupewa bure. Ukilitumia, weka maneno mengi kuliko mapengo, na utake sababu fupi kwa Kiswahili kando ya kila jibu. Afadhali zaidi ni kifungu kimoja kinachoshikana, kwa maana hapo nomino iliyotajwa sentensi mbili nyuma ndiyo inayoamua jibu. Nimekuandikia kimoja kinachohusu ufuo wa Dunga, wanaoujua wote. Kinakuja kikiwa kamili; wewe utafuta maneno utakayotaka.

“Ontem fui a Dunga com alguns colegas. Quando chegámos, não havia ninguém na margem, porque todos os barcos já estavam na água. Mais tarde, um pescador mostrou-nos tudo: as redes, o motor e o gelo. Cada barco tinha um nome pintado. Uma senhora queria comprar tilápia, mas já não havia nenhuma. O pescador vendeu-lhe outro peixe, mais pequeno, e ninguém se queixou.”

Ukifuta “nenhuma” utaona mengi. Wengi wataandika “nenhum” kwa kuwa wanamfikiria samaki, “peixe”, aliye wa kiume, ilhali nomino iliyotajwa ni “tilápia”, ya kike. Hilo si kosa la uzembe. Ni dalili kwamba mwanafunzi anafuata maana badala ya neno, na anahitaji kuoneshwa arudi nyuma akaitafute nomino. Wengine wataandika “alguma”, na hao warudishe kwenye mazoezi ya juma la kwanza. Ukifuta “tudo” na mwanafunzi akaandika “todos”, muulize anakusudia todos nani; akikujibu kwamba ni vile vyote vilivyotajwa baadaye, mweleze kwamba wakati mvuvi anaonyesha, nomino bado hazijatajwa, na ndiyo maana nukta mbili zimefuata.

Sentensi ya mwisho ya kifungu ina jambo ambalo ningelisubirisha mpaka muhula wa pili. Katika Kireno cha Ureno na cha Msumbiji, kiwakilishi kidogo kama “me” au “se” kwa kawaida hufuata kitenzi, “queixou-se”, lakini “ninguém”, “alguém”, “tudo” na wenzao wakitangulia, hukivuta mbele ya kitenzi: “Ninguém se queixou”, “Alguém me chamou”. Wazoee kwanza kwa kusikia. “Outrem” nayo, yenye maana ya mtu mwingine, waitambue tu watakapoikuta katika maandishi. Hakuna haja ya kuiandika. Vivyo hivyo “algum” inapofuata nomino, kama katika “problema algum”, ambapo maana yake hugeuka kuwa ya ukanusho, sawa na tatizo lolote katika “hakuna tatizo lolote”.

Katika kusahihisha, mkazo wa “alguém” na “ninguém” usiuache upite. Maneno ya silabi zaidi ya moja yanayoishia kwa -em na yenye mkazo mwishoni huandikwa kwa alama, kama “também” na “armazém”. Bila alama hiyo msomaji ataweka mkazo kwenye silabi ya kabla ya mwisho, kama tufanyavyo sisi katika Kiswahili, na ndiyo sababu wanafunzi wetu hulitamka vibaya hata wanapoliandika vizuri. “Algum” na “nenhum” hazina alama kwa kuwa neno linaloishia kwa -um lina mkazo mwishoni kwa kawaida yake. Wingi hubadili m kuwa n: “alguns”.

Kwa Ijumaa ijayo, kama utakubali, usibebe kitabu. Waketishe kwa mduara, waangalie walicho nacho mezani, na kila mmoja aandike sentensi tatu za kweli kuhusu chumba hicho, kwa mfano “Todos trouxeram caneta”, “Alguns trouxeram régua”, “Ninguém trouxe compasso”. Anayesoma sentensi yake ahakikiwe na wenzake kwa macho, si kwa sarufi: kama kuna mwenye bikari mfukoni, sentensi ya tatu si kweli, na mwandishi wake atalazimika kutafuta kiwakilishi kingine.